Baba haoni tena, na kila ninachomsomea anakikataa

Shikamoo mama muuza vitabu,

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 38. Naandika habari ya baba yangu. Alikuwa karani bandarini hadi alipostaafu, na ni mtu wa vitabu tangu sijazaliwa. Tulipokuwa wadogo, akirudi kazini anakula, anasali, kisha anavuta kiti barazani na kitabu chake, na hapo hata sisimizi hakatizi mbele yake. Vitabu vilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuvigusa, kwa sababu mikono yetu daima ilikuwa na mafuta ya maandazi.

Miaka mitatu iliyopita macho yalianza kumsumbua. Tulichelewa. Tulipofika kwa daktari tukaambiwa ni presha ya macho, na nuru iliyokwisha potea hairudi. Dawa ni za kulinda kidogo kilichobaki. Sasa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita, basi. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, kwa hiyo nimehamia kwake mimi na wanangu wawili.

Kaka yangu aliyeko Dar alimnunulia redio mpya. Anasikiliza taarifa ya habari, halafu anaizima. Nikaona nimsomee. Kila siku baada ya isha nilikuwa nafunika cherehani nakwenda kukaa naye barazani. Nilianza na gazeti, akasema, "Mwanangu, haya nimekwisha yasikia redioni." Nikaleta kitabu cha mpwa wangu, cha namna ya kufanikiwa maishani. Ukurasa wa tatu akaniambia kitabu kinamfokea. Nikafungua sanduku lake la bati: mchwa wamekula, vilivyobaki havina mwanzo au havina mwisho. Nikachukua riwaya ya mwanangu wa sekondari nikaanza kuisoma bila kuipitia, nikafika mahali ambapo mtoto wa kike hawezi kusoma mbele ya baba yake. Nikaruka kurasa mbili. Akajua. Hakusema kitu, alikohoa tu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Mimi niliishia kidato cha nne, na tangu mtihani sijashika riwaya. Nasoma kwa kukwama. Na baba ananisahihisha kila neno. Nikisema "samani" badala ya "thamani" ananirudisha. Nikipita nukta bila kutua ananirudisha. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimeshona sare za shule tangu alfajiri, macho yananiwasha, akanisimamisha mara nne katika sentensi moja. Nikafunga kitabu nikamwambia, "Basi soma mwenyewe, baba."

Mama, neno lile lilinitoka. Tangu siku hiyo tunakaa barazani bila kitabu, na hakuna aliyelizungumza.

Nina shilingi 40,000 nilizoziweka kando. Nataka kununua vitabu viwili au vitatu vitakavyomfaa. Wewe uliyeuza vitabu miaka yote hiyo, ungemsomea nini? Kaka anasema nisihangaike, siku hizi kuna vitabu vya kusikiliza kwenye simu.

Fundi Cherehani, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa mama, na pole kwa macho ya baba.

Kabla hujatoa hata shilingi moja kwenye hizo 40,000, leo jioni nenda kakae naye umwambie, "Baba, nisamehe kwa lile neno." Usiongeze habari ya sare wala ya uchovu. Alirudi kazini amechoka miaka yote uliyokuwa mdogo, uchovu anaufahamu. Mwombe radhi, kisha mwulize kitabu gani kati ya vile vilivyoliwa na mchwa kinamuuma zaidi. Jibu lake lishike, maana ndicho kitabu cha kwanza cha kutafuta, na kama atakitaja basi orodha yangu yote hapa chini inaweza kusubiri.

Sasa hili la kusahihishwa. Nimelisoma mara mbili katika barua yako, na naomba ulitazame upande wa pili. Baba yako hakukosoi wewe, mwanangu. Anasoma. Macho yameondoka, lakini sikio lake bado linajua nukta iko wapi na "thamani" inatamkwaje, na akikusimamisha maana yake yumo ndani ya kitabu, hajasinzia, hajaenda mbali na mawazo yake. Redio hairudishwi nyuma na msikilizaji, ndiyo maana akaizima. Siku atakayoacha kukurudisha ndiyo siku ya kuwa na wasiwasi.

Hata hivyo hakuna anayeweza kusoma akishikwa mkono kila hatua. Kwa hiyo patana naye: makosa yote ayaweke kichwani, ukifika mwisho wa ukurasa unatua, naye anakusomea hesabu yako. Karani wa bandari hashindwi kushika makosa matano kichwani! Na mpe kazi ya pili, ya maana za maneno. Katika vitabu nitakavyokutajia kuna maneno ambayo wewe na wanao hamtayajua. Usikimbilie kamusi. Mwulize yeye.

Upande wako nawe, usisome kitabu mbele yake kwa mara ya kwanza. Mchana, ukisubiri pasi ipate moto au mteja aje kupima, pitia kurasa sita au saba za jioni. Weka alama ya penseli panapotaka pumzi. Pitia kwa sauti ndogo, si kwa macho tu, kwa sababu ulimi nao unahitaji kuizoea njia. Kwa kufanya hivyo hutashtukizwa tena na zile kurasa mbili.

Nikwambie nilikojifunza haya. Marehemu mume wangu alilazwa wiki tano, wodi ya wanaume, vitanda vyote vimejaa. Nilikuwa nafika saa za kuona wagonjwa, na baada ya siku mbili tulikuwa tumemaliza ya kuzungumza, maana habari za mgonjwa ni zilezile. Nikachukua dukani *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla nikaanza kumsomea. Siku ya tatu nikagundua kwamba wodi imenyamaza. Siku ya nne mzee wa kitanda cha jirani aliniomba nipaze sauti kidogo. Kijana mmoja aliruhusiwa kwenda nyumbani tukiwa katikati ya kitabu, na jioni iliyofuata alirudi na mkongojo wake, si kumwona mtu, bali kusikia muuaji ni nani.

Nimeuza vitabu miaka 26, na tangu wodi ile nimekuwa nikivipima kwa kipimo kingine. Kuna kitabu kizuri cha kusoma peke yako kimya, na kuna kitabu kizuri cha kusomwa kwa sauti na kusikilizwa na mtu mwingine. Si lazima viwe kimoja. Kitabu cha masikio kinataka watu wanaozungumza, kinataka sentensi yenye mwendo, na kinataka sura zinazokatika mahali ambapo msikilizaji atasema "ongeza kidogo". Fasihi yetu yenyewe ilianzia huko. Mwana Kupona wa Pate alipomtungia binti yake utenzi wa wasia mwaka 1858, akiwa mgonjwa, wanawake wa pwani waliupokea kwa kuuimba na kuuhifadhi, na wengi wao hawakuwahi kuushika kwenye karatasi. Kwa hiyo wewe na baba yako hapo barazani hamfanyi jambo la watu waliokosa macho. Mnasoma kama kulivyokuwa kukisomwa.

Kwa baba yako, basi, ningeanza na hichohicho *Mzimu wa Watu wa Kale*. Mwandishi alikuwa Mzanzibari, mhariri wa jarida la Mkulima, na hadithi hii ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 kabla ya kuchapwa mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni, asiyepiga mtu wala kushika bastola. Kazi yake ni kuuliza na kufikiri. Maiti inakutwa mahali panapoogopwa kwa mizimu, watu wote wanatazama mizimu, yeye anatazama watu. Karibu kitabu kizima ni mazungumzo, Kiswahili cha Unguja cha miaka ile, chenye adabu na ucheshi ndani yake. Ukimaliza kuna vingine vya Bwana Msa: *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri*. Mimi nakipenda zaidi *Duniani Kuna Watu*, lakini hakifai kuwa cha kwanza, kina nyuzi nyingi na msomaji mgeni atazichanganya. Kwanza uzoee sauti za Bwana Msa na rafiki yake Najum hadi baba ajue nani anazungumza bila wewe kumtaja.

Cha pili ni Shaaban Robert, na hapa nina sababu tatu. Ni mtu wa kwenu: alizaliwa Vibambani, hapo karibu na Tanga, mwaka 1909, na baada ya kufariki 1962 akazikwa hukohuko. Alikuwa karani kama baba yako, tena karani wa forodha, tangu 1926 hadi 1944, kabla ya kuhamia idara nyingine. Na hakuna mwandishi wa nathari ya Kiswahili ambaye sentensi zake zinapendeza zaidi mdomoni. Najua shuleni ulimsoma kwa mtihani, ukaandika dhamira na falsafa na "mafunzo tuyapatayo", ukamchoka. Msahau yule wa mtihani. Chukua *Adili na Nduguze*, usome kisa cha Adili na manyani wawili anaowachapa kila usiku huku analia, na mfalme Rai anayetaka kujua kwa nini. Wanao waite wakae chini mkekani. Ni hadithi ya majini na bahari na wivu wa ndugu, inasomeka jioni chache, na baba yako atapata wasikilizaji wengine wa kuwaeleza maneno.

Kisha *Kusadikika*. Hiki kimekatwa kama kitambaa kilichopimwa tayari. Karama ameshtakiwa na Majivuno, na anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa pande sita na walichorudi nacho, na malipo waliyoyapata nyumbani. Mjumbe mmoja jioni moja. Kilitoka 1951, wakati wa mkoloni, na nchi yenyewe iko angani ili mtu asiikamate. Baba yako ataielewa kuliko mimi na wewe, alikulia kwenye vumbi la wakati huo.

Kuna kimoja cha Shaaban Robert ambacho nakuomba ukishike kwa uangalifu: *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*. Ni kizuri sana, ni mtu anasimulia kazi zake, safari zake, ujane wake. Ndani yake kuna shairi la kumlilia mkewe Amina. Baba yako amefiwa. Usimfikishe kwenye shairi lile kwa kumshtukiza kama ulivyoshtukizwa wewe na zile kurasa. Mwambie siku moja kabla, "Baba, kesho tunafika kwenye Amina, nisome au niruke?" Wajane wengi niliowauzia kitabu hiki waliniambia ndilo shairi walilorudia mara nyingi kuliko yote. Lakini achague yeye. Ikiwa atasema soma, soma polepole, usimtazame usoni.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa bandari, kuna *Kuli* cha Adam Shafi. Rashidi ni mtoto wa kuli wa Unguja, anaishia naye kubeba mizigo gatini, na kutoka hapo tunaingia katika mgomo wa makuli wa 1948. Ni riwaya fupi, haina mapambo, inakwenda mbio. Karani aliketi upande mmoja wa karatasi na kuli upande wa pili. Sijui baba yako atasema nini kuhusu hilo, ila nina hakika atakuwa na la kusema, na pengine utasikia habari za kazi yake ambazo hajawahi kukusimulia. Ukiona ameanza kusimulia, funga kitabu umsikilize. Kitabu kitangoja.

Nimekiacha nyuma kile ambacho ni changu mimi. *Nyota ya Rehema*, cha Mohamed Suleiman Mohamed, 1976. Mteja akiniuliza "wewe mwenyewe unapenda nini" mkono wangu unakwenda hapo kabla sijafikiri. Rehema anazaliwa mweusi katika nyumba ya baba tajiri anayejivunia nasaba ya Kiarabu, na rangi yake inakuwa kesi yake tangu utotoni. Anakimbia nyumbani akiwa mdogo, dunia inamfanya itakavyo, hadi anapokutana na Sulubu, mkulima, mtu asiye na kitu ila mikono yake. Wanalima pamoja. Na ardhi hiyo wanayoilima ndiyo inayoleta mambo ya mwisho. Kuna namna mwandishi huyu anavyoueleza usiku wa shamba, sauti zake na harufu zake, ambayo sijaikuta kwa mwandishi mwingine wa Kiswahili. Na hapa nafikiria baba yako, mwanangu. Mtu asiyeona anahitaji maandishi yanayomletea harufu na sauti na joto la jiwe, si rangi ya gari tu. Kiswahili chake ni kipana, utakwama, tena sana. Ndiyo maana sikisemi kuwa cha kwanza wala cha pili. Ukifika mwezi wa tatu au wa nne, ulimi umelainika, hapo kichukue. Kuna sehemu chache za maisha ya Rehema mjini utakazotaka kuzipitia mwenyewe kabla. Mwandishi ana staha, lakini wewe ndiye unayejua mpaka wa baraza lenu.

Kwa maana hiyohiyo, viko vitabu vikubwa ambavyo usimsomee. *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka 1971 na kuzuiwa mashuleni kwa muda, halafu kikarudi kufundishwa, ni kitabu ambacho kila mzazi angefaa kukisoma, lakini binti hawezi kukisoma kwa sauti mbele ya baba yake, na baba hawezi kukisikiliza. *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed ni hivyohivyo. Kisa cha Maimuna anayefungiwa ndani na Bwana Maksuudi kinakuhusu wewe na rafiki zako, kisome usiku chumbani kwako. *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi pia, ingawa humo kuna kurasa nyingi zinazosomeka barazani bila tatizo. Na *Kichwamaji* cha Kezilahabi kiache kabisa kwa sasa. Nampenda Kezilahabi kwa moyo wote, ila kitabu kile kinamchukua msomaji hadi ukingoni na kumwacha huko, na mtu aliyepoteza mke na macho katika miaka miwili hahitaji kupelekwa ukingoni na mimi.

Nikumbushe na vingine viwili kwa haraka. Mwaka 2021 redio zote zilitangaza kwamba Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar amepata Tuzo ya Nobel, na lazima baba yako alisikia. Riwaya yake moja ipo kwa Kiswahili tangu 2022, *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf wa miaka 12 anachukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake, na kuna msafara mrefu wa kwenda bara. Ni kitabu kikubwa, cha jioni nyingi, na mazungumzo yake yamerudi nyumbani vizuri. Cha pili ni *Siku Njema* cha Ken Walibora, Mkenya, aliyefariki 2020. Kinaanzia hapohapo Tanga, mama mwimbaji wa taarabu, na mtoto anayevuka mpaka kumtafuta baba yake. Mwanao wa sekondari anaweza kukusaidia kukisoma, mkapokezana sura.

Ukipenda mashairi, na nadhani baba yako anayapenda kwa jinsi anavyosikia nukta, tafuta *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla. Alifungwa miaka mitatu Kenya, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuiuliza nchi inakwenda wapi, na mashairi haya aliyatunga gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Usisome kurasa nyingi. Ubeti mmoja kwa jioni, usome mara tatu, halafu umwache baba aurudie kwa kichwa. Mtu aliyekuwa akienda kwenye sanduku lake la bati kila siku atafurahi kuwa na kitu kilichowekwa mahali ambapo mchwa hafiki, anachoweza kukifungua saa nane za usiku usingizi ukikataa, bila taa na bila kumwamsha mtu.

Sasa ununuzi. Usizimalize hizo fedha siku moja. Nunua cha Bwana Msa na *Adili na Nduguze*, uweke kilichobaki hadi ujue sikio lake linakwenda wapi. Maktaba ya mkoa iko hapo mjini kwenu, ingia uulize unachoweza kuazima kabla ya kununua. Ukinunua cha mtumba, fungua ukurasa wa mwisho kwanza, hesabu kama kurasa zinafuatana, na angalia ukubwa wa herufi chini ya taa, si juani, kwa kuwa utasoma usiku. Na angalia sana jalada: vitabu vinavyosomwa shuleni vina miongozo yake ya mitihani, inafanana navyo hadi jina, na wapo wauzaji watakaokupa mwongozo ukidhani ni riwaya. Mwongozo utakueleza wahusika wote na mwisho wa kisa kabla hujaketi. Nimewaona watu wengi wakirudi nao dukani kwangu wamekasirika, na si mimi niliyewauzia.

Kaka yako mshukuru. Hajakosea, na vitabu vya simu vitamfaa baba saa za mchana wewe ukiwa kwenye cherehani. Ila sauti ya kwenye simu haikwami, na kwa kuwa haikwami baba hana cha kusahihisha. Mwambie kaka akija likizo aketi naye apokee zamu ya jioni moja. Aone.

Ile siku ya kwanza, mpe baba kitabu akishike kabla hujakifungua. Apime uzito, apitishe kidole kwenye kingo, anuse. Mtajie jina la mwandishi na mwaka. Soma dakika ishirini, usizidishe hata akiomba, ukate palepale panapochemka. Kesho yake mwulize, "Tuliishia wapi?" Yeye ndiye atakayekukumbusha.

Na kuhusu Bwana Msa, inawezekana baba yako alikwisha kisoma kitabu kile ujanani na anamjua muuaji tangu ukurasa wa kwanza. Hatakwambia. Ataketi na kiti chake akikusikiliza unavyohangaika kumdhania huyu na yule. Andika pembeni kwa penseli jina la kila unayemshuku, na siku uliyomshuku, ili mkifika mwisho umsomee orodha yote.